Lodi Aldholme Hutangulia Mezani

Chakula kikuu katika nyumba ya Wexmere kiliandaliwa saa kumi alasiri, na Alhamisi ile ya Oktoba kilikuwa supu ya njegere, paja la kondoo na pai ya matofaa. Ledi Lettice alikuwa ameshakagua meza. Alisogeza kibakuli cha chumvi karibu na kiti cha mdogo wake, kwa sababu mdogo wake alipenda kuichezea kwa kidole ingawa hakula, kisha akasimama dirishani kumtazama akija. Peregrine alikuwa akivuka malisho kutoka kanisani, alikolazwa pamoja na mababu zake chini ya sakafu. Kondoo walimpisha bila kuinua vichwa. Alipofika mlango wa pembeni alifuta viatu kama alivyofundishwa, lakini siku zote aliacha unyevu kidogo kwenye vigae, na kijakazi alikuwa na kitambaa tayari.

Alikufa kwa ndui akiwa na miaka sita. Wiki iliyofuata maziko alirudi, akaketi mezani, na hakuna aliyeona sababu ya kulikuza jambo hilo. Kilichosumbua ni kiti. Baba yake alikuwa Erli wa Wexmere, tena Vaikaunti Aldholme, tena Baroni Penwick, na kwa desturi ya watu wa daraja lile mtoto wa kwanza wa kiume huazimwa cheo cha pili cha baba hadi siku atakaporithi cha kwanza. Kwa hiyo Peregrine alikuwa Lodi Aldholme tangu yumo kwenye nepi. Je, bado alikuwa? Mzee Tapley, mtumishi mkuu wa nyumba, aliliwaza hilo huku akipanga vijiko, akaona hajapewa amri ya kumvua mtu cheo. Akamvutia kiti cha mkono wa kulia wa baba yake.

Tangu hapo Lodi Aldholme aliingia chumba cha kulia mbele ya dada zake, akapakuliwa chakula kabla yao, na sahani yake ikaondolewa ikiwa imejaa. Alikua kama watoto wengine wanavyokua. Lettice alimfundisha kusoma, na mwalimu wa Kilatini alimtandika mara moja tu, akakoma kwa sababu mkono ulimfa ganzi. Mshonaji wa Ludlow alikuwa na lalamiko moja, kwamba makoti ya kijana huota ukungu mapema.

Alhamisi ile kulikuwa na wageni. Bwana Josiah Crake, binamu wa Erli, alikuja na mkewe kumjulia hali mgonjwa. Erli alikuwa kitandani juu, jongo limempanda kutoka vidoleni hadi tumboni, na daktari alikuwa ameacha kubadilisha dawa. Bibi Crake alikuja na utepe wa kupimia. Kabla ya supu kuletwa alikuwa ameshapima nusu ya madirisha ya sebuleni.

"Mapazia haya yamechoka, masikini," akamwambia Lettice. "Mimi nitaweka ya kijani. Usijali, mwanangu, haya nitakuachia uondoke nayo."

"Ahsante, Bibi Crake. Ila Baba bado anayatumia."

"Ndiyo, ndiyo. Mungu ampe nafuu," akasema Bibi Crake, akahamia dirisha linalofuata.

Hakuwa akifanya ufidhuli, alikuwa akijiandaa tu. Mashamba, msitu, nyumba na hata sufuria za jikoni vilifungwa zamani na babu wa babu yao, vipite kutoka mwanamume hadi mwanamume milele. Erli alikuwa na watoto wawili wanaopumua, na wote wawili walikuwa mabinti. Lettice ndiye aliyewajua wapangaji wote kwa majina, ndiye aliyejua bwawa lipi linavuja na kondoo yupi auzwe, na tangu miguu ya baba yake iliposhindwa kuingia kwenye buti ndiye aliyeendesha kila kitu. Siku baba angekata roho, Lettice, mama yake na mdogo wake Philadelphia wangelazimika kumpisha Bwana Crake, mwanamume aliyefuata katika ukoo. Vilikuwapo vyumba vya kupanga huko Shrewsbury, juu ya duka la mtengeneza kofia. Mama yao alikwenda kuviona, akarudi, akalala na kitambaa cha siki kwenye paji la uso. Lettice alikuwa na hofu, na hofu hiyo hakumwonyesha mtu. Bwana Crake, kwa upande wake, alikuwa amekaa mkao wa kula.

Peregrine alipoingia, Bwana Crake aliinama hadi wigi likateleza.

"Lodi Aldholme. Natumai hujambo."

"Sijambo, binamu. Baridi kidogo kule chini. Mtoto wangu wa ubatizo anaendeleaje?"

"Anakutaja kila siku, Lodi wangu. Na kile kikombe cha fedha ulichompa tumekiweka mahali ambapo hata kipofu angekiona."

Bwana Crake alipenda vyeo kuliko alivyowapenda wenye vyeo. Mwanawe alipozaliwa alimwendea Peregrine kwa miguu, akamwomba awe baba wa ubatizo, maana alitaka jina la Lodi Aldholme litajwe mbele ya kanisa zima. Lilitajwa. Askofu mwenyewe alimwagia mtoto maji, Peregrine akampakata, na mtoto akapata mafua yaliyoisha baada ya Pasaka.

"Perry anatimiza ishirini na moja mwezi ujao," akasema Philadelphia, ambaye alikuwa msichana wa kuchokoza. "Utamletea zawadi gani, binamu? Au utepe wa kupimia?"

"Philly, kula," akasema mama yao.

Lakini Lettice aliweka kijiko chini. Ishirini na moja. Alishangaa kwamba hakulifikiria mapema. Kesho yake alfajiri alimtuma mtu kwa farasi kwenda kumwita mwanasheria.

Bwana Fothergill alifika Jumatatu, akaketi kando ya kitanda cha Erli, akaomba chai.

"Mrithi akifikisha umri wa ishirini na moja," akasema, "yeye na baba yake kwa pamoja wanaweza kulifungua fungo la urithi la babu na kufunga jipya watakavyo. Familia zote hufanya hivyo."

"Mrithi wetu amekufa, Bwana Fothergill," akasema mama.

"Nimeliangalia hilo, Bibi Mkubwa. Sheria inamtaka awe mwanamume, awe amezaliwa ndani ya ndoa, awe na umri, awe na akili timamu. Kuhusu kupumua haikusema kitu."

Lettice alikuwa amesimama na bakuli la uji wa baba yake.

"Na mtu anayepumua je?"

"Samahani, Ledi Lettice?"

"Mimi. Nimezaliwa ndani ya ndoa, umri ninao, akili ninayo. Na napumua."

Bwana Fothergill alimtazama kwa huruma ya kweli. Alikuwa mtu mwema, na nyumbani alikuwa na mabinti.

"Wewe ni mwanamke, Ledi," akasema. "Hilo sheria ililisema."

Erli akafumbua macho. "Mleteni mwanangu siku yake ikifika," akasema. "Letty, uji huu hauna chumvi."

Jioni hiyo Lettice alimsindikiza Peregrine hadi mlango wa kanisa. Alimweleza habari yote, naye alisikiliza akitazama chini, akiruka madimbwi kwa mazoea, kwani viatu vyake havikuweza kulowana zaidi ya vilivyokuwa.

"Nikishatia sahihi, Letty," akasema, "nitaruhusiwa kulala?"

Lettice alipunguza mwendo. Yeye ndiye aliyemuuguza, kwa kuwa ndui alishaugua, na alikuwapo baba yao alipoinama juu ya kitanda kile kidogo akasema, Wewe ni Aldholme, huna ruhusa ya kuondoka. Peregrine alikuwa mtoto mtiifu.

"Mwombe Baba," akasema Lettice. "Na kama hutaki, sema sasa. Tutakwenda Shrewsbury."

"Juu ya kofia?"

"Juu ya kofia."

"Mama ataua mtu kule," akasema Peregrine, wakacheka wote wawili, kisha akaingia, akainua bamba la jiwe, akashuka.

Siku ya kuzaliwa kwake walikusanyika chumbani kwa Erli. Bwana Crake naye alifika, jasho linamtoka, na mkewe nyuma yake.

"Napinga," akasema. "Kijana huyu ni marehemu. Marehemu hatii sahihi."

"Inawezekana," akasema Bwana Fothergill. "Basi nikuulize, Bwana Crake, baba wa ubatizo wa mwanao ni nani?"

Bwana Crake akarekebisha wigi lake.

"Kama Lodi Aldholme hayupo," akaendelea mwanasheria, "hakuna aliyemdhamini mtoto yule. Itabidi tumwambie Askofu kwamba alibatiza mbele ya nafasi tupu. Arudie, pengine, na mdhamini mwingine. Muuza nyama wenu ni mtu mwenye heshima zake."

"Josiah," akasema Bibi Crake, "nyamaza. Kile kikombe nimeshamwonyesha kila mtu." Akatoa utepe wake mfukoni, akaukunja vizuri, akaurudisha.

Fungo la zamani likafunguliwa. Kwa muda ambao wino ulihitaji kukauka, nyumba ya Wexmere haikuwa imefungwa na mtu yeyote, na Lettice akapiga moyo konde.

"Baba, sasa unaweza kunipa mimi."

Erli alimtazama bila hasira. "Mwanamume ninaye," akasema. "Nimpe mwanamke kwa nini?"

Basi likafungwa jipya. Kila kitu kwa Peregrine, maisha yake yote, na baada yake kwa watoto wake wa kiume. Mama na dada zake wakae humo maadamu yeye anakuja kula. Kwenye maneno "maisha yake yote" kalamu ya Bwana Fothergill ilisita, akayakata akaandika "siku zake zote". Peregrine alitia sahihi kwa mwandiko mzuri aliofundishwa na dada yake. Kidole chake kiliacha tone la maji kwenye ngozi ya kuandikia, wino ukasambaa kidogo, na mwanasheria akanyunyiza mchanga wa kuukausha.

"Baba," akasema Peregrine, "naomba ruhusa nilale."

"Ukishapata mtoto wa kiume utalala," akasema Erli, akageukia ukuta.

Hapo ndipo kila mtu aliposhusha pumzi. Mama yao alivua kofia, akala pai mara mbili. Philadelphia alikimbia ngazi zote akipiga kelele kama mtoto wa shule, na kwa siku hiyo hakuna aliyemkanya. Lettice alikwenda kwenye chumba cha maziwa, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akalia kwa raha, kwa sababu bwawa lingezibwa, kondoo wangezaa, na yeye angekuwepo. Usiku alilala bila kugeuka.

Erli alifariki kabla ya Krismasi. Walimwekea kiti kesho yake ya maziko, wakangoja, supu ikafanya utando juu. Peregrine akaja peke yake.

"Baba amelala fofofo," akawaambia. "Anakoroma. Imenibidi nihamie upande wa babu."

Sasa Peregrine ndiye aliyekuwa Erli wa Wexmere. Mwezi Machi walimpeleka London kuketi katika Baraza la Malodi, akaketi hadi mwisho wa kikao, na wenzake wawili wakamsifu kwa utulivu wake. Wapangaji walimpenda. Wakiwa na shida walimwendea Lettice, Lettice akaamua, Peregrine akapiga muhuri, na wapangaji wakaondoka wakimshukuru Erli. Akina Crake waliendelea kuja, na sasa Bwana Crake aliinama chini zaidi.

Siku aliporudi kutoka London, chakula kilikuwa tena supu ya njegere. Tapley alishikilia mlango wa chumba cha kulia. Peregrine alifika kizingitini, akasimama, akageuka.

"Letty, tangulia wewe," akasema. "Hii nyumba unailisha wewe. Huu ni mlango tu."

Tapley aliendelea kutazama mbele, mkono kwenye kitasa. Philadelphia alitabasamu. Lettice aliona meza, mishumaa, mapazia yale yale ya zamani, na mguu wake wa kulia ulikuwa umeshainuka kidogo kutoka sakafuni. Akamtazama mama yake. Mama yake alikuwa ameshika ukingo wa shali kwa mikono miwili, kama siku ile aliporudi kutoka kuviona vile vyumba vya Shrewsbury.

Lettice akaushusha mguu.

"Pita, Perry," akasema. "Supu inapoa."

Peregrine alipiga mwayo, akauficha kwa kiganja kama alivyofundishwa, akapita. Mama yao akafuata, kisha Lettice, kisha Philadelphia. Supu ilikuwa bado ya moto. Lettice alimsogezea mdogo wake kibakuli cha chumvi, akaanza kula kwa hamu.