Mama wa Kwenye Cheti

Fundi cherehani alizipanga karatasi zake kwenye kaunta ya shirika la ndege kama anayepanga vipande vya gauni kabla ya kushona: pasipoti, tiketi ya kwenda na kurudi, barua ya hospitali ya kisiwani, cheti cha kuzaliwa cha kijana wake. Kaka yake alisimama nyuma na begi.

"Ukifika huko usianze kuwapima watu suruali," kaka alimnong'oneza.

Hakucheka. Mwanawe alikuwa ameanguka kutoka kwenye jukwaa la wapaka rangi, na daktari alikuwa amesema afike leo. Kesho hakuiahidi.

Mhudumu, binti mwenye skafu shingoni, alisoma bila haraka. "Mama, kile kisiwa kinamwingiza mzazi wa mfanyakazi bila viza. Ndugu wengine wanaomba kwanza, na majibu ni wiki mbili tatu."

"Mimi ndiye mzazi."

"Cheti kina jina lingine."

"La dada yangu. Alifariki mtoto hajaota meno. Nimemlea mimi."

"Una hati ya mahakama?"

"Mtoto wa dada yako unamfuatia hati mahakamani, binti?" kaka akadakia. "Huyo wake. Waulize hata wanaomdai nguo."

"Baba, mimi nawaamini. Lakini nikimpandisha, watamrudisha na ndege hiyohiyo, na kibarua changu kitaota nyasi." Akafikiri kidogo. "Afisa wao wa uhamiaji huwa anakubali mgonjwa akithibitisha mwenyewe. Ngoja nimpigie. Ila mama, usiseme neno. Ukisema, watadai umemfundisha."

Afisa alipatikana, naye mhudumu akaunganisha simu na wodi. Mhudumu aliiweka sauti wazi. Fundi alisikia pumzi za mwanawe, nzito, akaishika kaunta kwa mikono miwili.

"Kijana," afisa aliuliza, "mama yako anaitwa nani?"

Tangu mtoto yule ajue kutamka, fundi alikuwa amemuusia jambo moja: ukiulizwa mama yako, mtaje aliye kaburini. Mimi nipo, nani atanisahau? Alifumbua mdomo. Mhudumu akamtikisia kichwa.

Kijana alitaja jina la marehemu, akaongeza na la babu yake, polepole, kila neno mahali pake. Alivyofundishwa.

"Basi huyu wa hapo si mzazi," afisa alisema baada ya mhudumu kuisubirisha laini ya wodi. "Aombe viza." Akakata.

Mhudumu aliirudisha laini ya wodi.

"Mama?" sauti ya kijana iliita. "Mama, upo? Umeshapanda?"

Mhudumu aliinamisha uso, akamsogezea fundi simu. Nyuma ya kioo, gari la mizigo lilikuwa linarudi tupu kutoka kwenye ndege.

"Nimeshapanda, mwanangu," fundi alisema. "Wanasema tuzime simu."

"Haya. Nakusubiri, silali."

Kaka aliinua begi, akasimama nalo, asijue alipeleke upande gani.