Gari la Milango Miwili

Miaka minane Harshida alikaa nyumba moja na shemeji yake Champaklal, wakapishana kwenye ngazi zile zile kila siku ya Mungu, na hawakuwahi kusemezana hata neno moja. Si kwamba waligombana. Ndiyo desturi iliyokuwa katika ukoo wao: mke wa mdogo hamsemeshi kaka mkubwa wa mumewe, wala hamwonyeshi uso. Champaklal akiingia sebuleni, Harshida huvuta ncha ya sari mpaka puani. Akiwa na haja, humwambia Ranjanben, mke wa Champaklal, naye Ranjanben humgeukia mumewe aliyeketi hatua mbili tu kutoka pale, akayarudia maneno yale yale kama mtu anayesoma barua. Jibu nalo hurudi kwa njia hiyo hiyo.

Mume wa Harshida, Ashok, alikuwa amefariki kwa homa, huu mwaka wa tatu. Harshida alivaa sari nyeupe ya ujane akiwa na miaka ishirini na mitano, akabaki pale pale ghorofani Mchafukoge, kwa kuwa wazazi wake walikwisharudi Bara Hindi na hakuwa na pa kwenda. Kilichomponya ni kazi. Alifundisha hesabu katika shule ya wasichana upande wa Upanga. Marehemu ndiye aliyemruhusu, na Champaklal hakuthubutu kuvunja neno la marehemu.

Kutoka nyumbani mpaka shuleni ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Harshida alikuwa akiutumia wote, hakuharakisha. Alipita Kisutu penye harufu ya mikate, akawapisha mahamali wa Kariakoo na mikokoteni yao, akasimama kidogo kwa Bi Siwema, mwuza vitumbua.

"Shikamoo, Bi Siwema."

"Marahaba, mwalimu. Leo umechelewa, au jua ndilo limewahi?"

Hakuna zaidi. Lakini ndani ya dakika zile ishirini hapakuwa na mtu wa kumtuma, wala wa kumlazimu afunike uso. Kama angeulizwa maisha yake yako wapi, angeonyesha kipande kile cha njia.

Basi mwaka 1957, kabla ya masika, Champaklal alirudi kutoka hekaluni jioni moja, akakaa, akamwambia mkewe:

"Mwambie watu wanasema. Mjane wa nyumba yetu anazurura barabarani peke yake kama mchuuzi. Nitanunua gari. Dogo, lisilokunywa mafuta. Nitampeleka asubuhi nikienda dukani, nitamrudisha mchana nikija kula."

Ranjanben aligeuka. "Anasema atanunua gari, awe anakupeleka."

"Nimesikia, Bhabhi," alisema Harshida. Ndivyo alivyozoea kumwita mke huyo wa shemeji yake. "Mwambie ni karibu mno. Gari la nini kwa maili moja?"

"Anauliza gari la nini kwa maili moja."

"Mwambie heshima haipimwi kwa maili."

Jumapili wakaenda wote watatu kwenye uwanja wa magari yaliyotumika, karibu na Mtaa wa Msimbazi. Champaklal alimchukua na fundi wake, Vitalis, mtu wa Masasi, aliyejulikana Kariakoo nzima kwa kutambua ugonjwa wa injini kwa sikio tu. Harshida alikuwa amepanga moyoni kuyatia kasoro magari yote, moja moja, mpaka shemeji yake achoke.

La kwanza lilikuwa kubwa kama kitanda cha harusi. Hilo lilijikataa lenyewe. Vitalis alisema litamaliza galoni kabla halijamaliza mtaa. La pili lilikuwa dogo, la kijani, milango minne. La tatu dogo vile vile, la kijivu, milango miwili tu, na viti vya mbele vya kukunjwa ili anayekaa nyuma apite.

Vitalis alifungua maboneti, akasikiliza, akajifuta mikono. "Bwana, haya madogo yote mazima. Lakini niambie, la kwenda wapi?"

"Upanga na kurudi. Na dukani."

"Basi?" Vitalis alicheka kidogo. "Safari fupi hivyo ndiyo inayoua gari. Injini haijapata moto, umeshazima. Betri haijashiba, umeshazima. Linakunywa mafuta bure na linachoka upesi kuliko linalokwenda Morogoro. Ukitaka ukweli wangu, kwa maili moja gari zuri ni miguu."

Harshida alitabasamu nyuma ya sari yake. Champaklal hakutabasamu.

"Nimekuita unichagulie gari, sikukuita unichagulie miguu."

"Basi chukua hili la kijani. Tofauti ya mafuta ni ndogo, na kila mtu ana mlango wake."

Harshida alimshika Ranjanben mkono. "Bhabhi, mwambie la kijani. Tafadhali." Alikuwa amesahau mpango wake wa kasoro. Akili yake yote ilikuwa kwenye ule mlango wa nyuma, wenye kitasa chake.

"Anasema la kijani," alisema Ranjanben.

Champaklal aliyazunguka magari yote mawili. Aliingia nyuma ya lile la kijivu, akakaa, mkewe akarudisha kiti, na yeye mwenyewe akapapasa huku na huku asione pa kutokea. Akaridhika.

"Hili. Ni jepesi, mafuta yatakuwa kidogo zaidi. Na anayekaa nyuma yuko salama."

Ndivyo lilivyonunuliwa.

Kuanzia Jumatatu ile, dakika ishirini zikawa nne. Champaklal alikunja kiti, Harshida akapenya nyuma, kiti kikarudi, mlango ukafungwa. Alikaa magoti yakigusa kiti cha mbele, akitazama kisogo cha shemeji yake na mstari mwembamba wa nywele nyeupe juu ya kola. Kioo cha dirisha lake kilifunguka upana wa vidole vitatu tu. Walipopita kwa Bi Siwema, mama yule aliinua mkono. Harshida akainua wake, lakini gari lilikwishapita.

Kibaya zaidi, humo garini hapakuwa na Ranjanben. Asubuhi moja alikumbuka, wakiwa wameshafika Kisutu, kwamba ameacha karatasi za mtihani juu ya kabati. Angemwambiaje? Mdomo ulifunguka, ukafungika. Aliwaza kukohoa. Aliwaza kugonga kiti. Mwishowe alifika shuleni mikono mitupu, akawaambia wasichana mtihani umeahirishwa. Mchana, saa sita na nusu kamili, gari la kijivu lilikuwa langoni, kiti kimeshakunjwa kikimngoja. Akafikiri: nitazeeka nikiwa nimekaa hapa, na sitakuwa nimemsemesha huyu hata neno moja.

Masika ya mwaka ule yalikuja kwa hasira. Siku moja ya Aprili, Champaklal alipomchukua shuleni, hakukata kona ya kwenda nyumbani. Kulikuwa na majora ya kitambaa kwenye kiti cha mbele. Mteja wa Magomeni alikuwa akiyangoja kwa ajili ya harusi. Harshida hakuulizwa wala hakuambiwa. Aliona tu mtaa uliopaswa kwenda kushoto umeachwa, na barabara inateremka kuelekea bonde la Jangwani.

Maji yalikuwa yamekata barabara. Yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yakipita haraka, na watu walijazana kingoni wakingoja. Lori moja lilipita, likafika ng'ambo. Champaklal aliguna, akatia gia, akalifuata. Lakini lori ni lori. Katikati gari dogo lilikohoa, likazima.

Mwanzoni kulikuwa kimya. Kisha Harshida alisikia ubaridi kwenye nyayo, akatazama chini, akaona maji yanapanda kutoka sakafuni, yameshafunika viatu.

Champaklal aliusukuma mlango wake kwa bega, mara mbili, mara tatu, ukafunguka. Akatoka, maji yakamfika mapajani. Kiti kikabaki wima. Mlango ukarudi kwa nguvu ya maji, ukajifunga.

Harshida alingoja. Alidhani atafungua tena. Lakini shemeji yake alikuwa amesimama pembeni, ameshika paa, akiwapigia kelele watu wa kingoni waje wasukume. Wanaume watano sita waliingia majini. Champaklal akawaonyesha nyuma ya gari, akawaambia wasukume hivyo hivyo, na kwa mwili wake aliziba dirisha ili wasimwone aliyemo ndani.

Maji yalifika magotini. Gari likayumba, likateleza kidogo upande wa mtaro. Harshida alipapasa kile kiti, hakukipata kitasa wala komeo.

"Motabhai," alisema. Kaka mkubwa. Hakuwahi kulitamka jina hilo mbele yake. "Motabhai, kunja kiti."

Champaklal hakugeuka. Alikuwa umbali wa shubiri moja, kioo tu kati yao, na shingo yake ilikakamaa, alikuwa amesikia.

"Motabhai!"

Hakugeuka.

Ndipo Harshida alipojaza kifua, akapiga kelele kwa Kiswahili, kile cha Kisutu na cha mikokoteni:

"Jamani! Nimo humu! Nataka kutoka!"

"Kuna mama ndani!" mmoja alimaka. Alikuwa hamali wa sokoni, aitwaye Kitwana, kifua wazi, kamba ya mkokoteni ingali begani. Alizunguka upande wa kushoto, akauvuta mlango mpaka mishipa ikamsimama, akayatupa majora mgongoni pa mwenzake, akakikunja kiti kana kwamba anang'oa kisiki. "Nipe mkono, mama. Usiogope, chini ni lami."

Harshida alitoka, Kitwana akamshikisha ile kamba ya begani. Sari ilivutwa na maji, ikamteleza kichwani, ikamwacha uso na nywele wazi mbele ya nusu ya Jangwani. Hakuirudisha, mikono yote miwili ilikuwa kwenye ile kamba. Alipokanyaga pakavu alitazama nyuma. Wale wanaume walikwishaachia. Gari lilikuwa limeegemea mtaroni, na Champaklal bado ameushika mlango, maji kifuani, peke yake, amepigwa na bumbuazi.

"Motabhai! Liache gari! Njoo huku!"

Safari hii alimtazama. Akaachia. Kitwana akamrushia kamba.

Walisimama wawili hao kingoni, maji yakiwachuruzika, kila mmoja anaangalia pake. Champaklal alisema, bila kugeuza kichwa, "Umeumia?"

"Hapana."

Ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao yote.

Gari lilitolewa siku ya pili yake. Vitalis alilikausha, akabadilisha mafuta, likawaka. Champaklal hakumlaumu mtu. Ila siku ya nne, baada ya chakula, alinyoosha miguu yake kitini akamwambia mkewe:

"Mwambie imetosha. Watu wa Magomeni wote wanasimulia. Mwezi huu ukiisha aache shule, akae nyumbani akusaidie."

Ranjanben alifungua mdomo. Harshida alimtangulia. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia mkononi, sari iko begani.

"Sitaacha, Motabhai. Ashok aliniruhusu. Nitaendelea kufundisha, na nitakwenda kwa miguu."

Champaklal alitazama ukuta, masikio yamemwiva. Kisha akamgeukia mkewe.

"Anasemaje?"

Ranjanben alikuwa na miaka hamsini. Kwa miaka minane alikuwa amebeba maneno ya hawa wawili huku na huku katika chumba kisichozidi hatua sita, na hakuna aliyewahi kumwuliza yeye anasemaje.

"Umemsikia," alijibu, akaondoka kwenda jikoni.

Champaklal hakukubali, wala hakukataa. Jumatatu asubuhi Harshida alishuka ngazi saa moja na dakika tano, akapita pembeni ya gari la kijivu ambalo kiti chake kilikuwa kimeshakunjwa, akashika njia. Hakufika hata kona ya kwanza kabla hajasikia injini ikiwashwa.

Gari lilimfuata. Halikumpita, wala halikupiga honi. Lilikuja nyuma yake hatua kumi, kwa gia ya kwanza, taratibu kama gari la maiti, na Champaklal ameshika usukani kwa mikono miwili, macho mbele. Akisimama, linasimama. Akipisha mkokoteni, linapisha. Watu wa Kisutu walitoka madukani kutazama. Harshida alitamani kugeuka amwambie aondoke, akaendelea kutembea. Mgongo ulimwasha mwendo mzima.

Champaklal akafanya vivyo hivyo Jumanne, na Jumatano, mpaka mwisho wa wiki ile na wiki iliyofuata. Lile gari lililochaguliwa kwa kuokoa mafuta lilikuwa sasa likiyanywa kuliko lori.

Asubuhi ya Alhamisi moja ule mngurumo ulikatika ghafla. Harshida alitembea hatua tano zaidi, kisha akageuka. Boneti lilikuwa wazi, mvuke unafuka, na Champaklal amesimama kando na leso mkononi, hajui aiweke wapi. Wakatazamana.

"Mwite Vitalis," Harshida alimwambia. "Mimi nachelewa."

Champaklal alitikisa kichwa kukubali. Harshida akaendelea na njia yake, hakugeuka tena, na kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze alisikia sauti ya viatu vyake mwenyewe. Alifika darasani kengele inalia, jasho likimtoka, akaandika hesabu ya kwanza ubaoni.

Mchana, saa sita na nusu, alipotoka langoni, gari la kijivu lilikuwa limeshapona. Lilikuwa pale ng'ambo ya barabara, injini inaunguruma, likimngoja aanze kutembea.