Funguo Ziko Kwenye Mazingira

Kabla madaktari hawajamwondoa mama koromeo, tulimrekodi wiki nzima: akisimulia, akiimba, akinigombeza kwa kuacha chuo mwaka wa tatu. Rekodi zote nikazipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni, nikafuta za kwenye kompyuta ili nafasi isijae, nikamtengenezea programu ya kuzisikiliza. Kila mchana anabonyeza, anajisikia akiongea.

Chuo kilinifundisha jambo moja kabla sijakimbia: funguo za siri, yale maneno marefu ya kufungulia hifadhi, usiziandike ndani ya programu. Ziweke pembeni, kwenye mazingira ya kompyuta, programu ikiamka izichukue huko. Nikazichapa kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Dirisha likifungwa, zimepotea. Nikajiambia kesho nitazihifadhi kwenye faili. Hiyo kesho ina miezi saba sasa.

Juzi nikisafiri nikabandika karatasi kwenye skrini: "Dada, ikizingua usihangaike. Funguo ziko kwenye mazingira." Nikajiona mjanja kweli.

Leo nimerudi, nakuta uwanja unang'aa.

"Nimetafuta mpaka mgongo umekufa," dada akaniwakia. "Nimefagia nje kote, nimeinua vyungu vya maua, nimepekua mpaka jalala. Funguo gani hizo, we mshenzi?"

"Na kompyuta?"

"Si ilikuwa imegoma! Nikazima, nikawasha. Nikaipangusa vumbi pia."

Nilicheka. Halafu nikakumbuka dirisha jeusi: alipozima lilifungwa, na funguo zikaenda nalo.

"Toa nyingine basi," akasema.

"Funguo za siri wenye hifadhi wanakuonyesha mara moja tu, dada. Nikitaka mpya lazima niingie kwenye akaunti, na akaunti inatuma namba za kuthibitisha kwa laini ya simu ya mama."

Laini ya mama tuliiacha ikafungwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyetania: asiyeongea simu ya nini? Sasa ina mtu mwingine. Nikampigia, nikambembeleza anisomee zile namba sita zikiingia.

"Tapeli mkubwa," akasema. "Kamwibie mama yako."

Akakata. Nikipiga tena hapatikani. Huduma kwa wateja nako najibiwa na roboti, ananishukuru kwa uvumilivu.

Mama akaingia, akakaa, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, akasogeza sikio. Akachukua kidaftari chake, akaandika: "Spika zimekufa?"

Dada akanikodolea macho. Mimi nikamwitikia mama kwa kichwa: ndiyo, spika.

Mama akavaa viatu, akamvuta dada mkono, wakatoka kwenda kununua spika.