Samli Haitaki Maneno

Redio hakuitwa Redio bure. Mdomo wake uliamka kabla ya macho. Ndiye wifi ambaye Mama Barafu alimkuta nyumbani siku alipoolewa, na asubuhi hiyo walikuwa wakigombania ndoo moja ya malai, utando mzito wa juu ya maziwa, katika chumba cha mbele, walichokigeuza duka la maziwa.

Saa nne angekuja mwokaji mikate. Alitafuta mtu wa kumletea kitu kimoja kila wiki, samli au siagi, kitakachompendeza. Na mume wa Mama Barafu alikwisha sema: wakimkosa mteja huyo, chumba anampangisha kinyozi.

"Siagi," alisema Mama Barafu. "Samli ni moshi na macho mekundu. Dunia imekwenda mbele, wifi."

"Imekwenda na friji yako? Maana hapa naona feni tu, nayo inapepea upande mmoja."

"Maji ya mtungi yatatosha."

"Haya, Mama Barafu. Ikiyeyuka tutamuuzia kinyozi apake vichwa."

Wakasukasuka malai pamoja, wakagawana siagi iliyotoka. Mama Barafu akaliosha fungu lake mpaka maji yakawa safi, akalikanda, akalichonga kama tofali. Redio akatupa lake sufuriani.

Sasa, samli ina adabu yake: haitazamwi tu, husikilizwa. Ikichemka hulalama, maji yakiisha hunyamaza, na hapo huna budi kuiepua upesi, la sivyo mashapo ya chini yanaungua na yote inakuwa chungu. Redio alijua hayo. Tatizo lake ni kwamba hakuwahi kunyamaza vya kutosha akaisikia. Samli zake tatu zilizopita zilikuwa na rangi ya kahawa.

Mama Barafu akaona upenyo.

"Wifi, hebu nisimulie tena zile posa zako."

"Nianze na ya yule aliyekuja na mama yake?"

"Anza popote."

Redio akafunguka. Mama Barafu akatabasamu, akiipangusa meza.

Mwokaji akabisha hodi, mikono imejaa unga. Akalibonyeza tofali la siagi. Kidole kikazama chote. Akakitoa, akalitazama tofali likiinama kama mgeni aliyechoka kungoja chakula.

"Tamu," alisema kwa huruma, akilamba kidole. "Lakini kwangu haitafika. Utafika mfuko. Na hicho kinachonukia?"

Kwenye kona, mlio wa sufuria ulikuwa umeanza kufifia, na Redio alikuwa anavuta pumzi amjibu mgeni. Jibu lake lisingekuwa fupi. Acha iungue, moyo ulimnong'oneza Mama Barafu. Angalau tushindwe wote. Kisha, akilini mwake, akamwona kinyozi akitundika kioo kwenye ukuta wa duka lao.

Akamziba wifi yake mdomo kwa kiganja.

"Shh!"

Akainamia sufuria. Tone moja likalia. Jingine. Kimya. Akaiepua.

Dhahabu tupu. Mwokaji akachovya kijiko, akaonja, akachovya tena bila kuombwa.

"Makopo mawili kila wiki. Ya kwanza nayapitia jioni."

Samli iliyokuwapo haikujaza hata kopo moja. Mama Barafu akalitazama tofali lake, akameza mate pamoja na kiburi, akalisukumiza lote kwenye sufuria nyingine.

"Chochea moto, wifi. Na usinicheke mpaka mteja afike mbali."

Redio alijitahidi sana. Mwokaji alifika kizingitini tu, kicheko kikalipuka.