Kitanda Kilichopandishwa Ngazi za Chuo

Niliota usiku wa kuamkia leo kwamba ninakwenda kuomba nafasi ya kusomea udaktari nikiwa nimelala kitandani, na masomo yangu matatu ndiyo yaliyonibeba.

Sikushangaa. Tangazo la chuo lilisema wazi kwamba mwombaji sharti abebwe na masomo matatu, na mimi ninayo matatu. Biolojia, niliyempata kwa B, ni mrefu, amenyooka na anapenda kutangulia. Kemia, niliyempata kwa C, ana kimo cha wastani na ananuka dawa ya nywele, jambo ambalo halinisumbui kwa sababu mimi ni msusi. Fizikia, niliyempata kwa E, ananifika kiunoni. Nilirudia mtihani wake mara mbili, na mara zote mbili aliyerudi nami nyumbani alikuwa yeye yule, mfupi vilevile, mikono imejaa chaki, akiniomba radhi.

Biolojia kashika mbele peke yake. Kemia na Fizikia wako nyuma, kila mmoja na pembe yake. Kitanda kimeinama upande wa Fizikia, na mume wangu Mshamu, ambaye amelala ubavuni mwangu anakoroma, ananisukumia hukohuko.

Mtaani watu wanasimama. Kwetu jeneza likipita, mpita njia huacha shughuli zake, huingiza bega, akabeba hatua chache na kumpokeza mwenzake. Hakuna aliyejisumbua kuangalia kama anayebebwa anapumua. Bi Kidawa, mteja wangu wa siku nyingi, anatoka mbio, nusu ya kichwa nimemsuka, nusu bado.

"Masikini Stumai! Kafa lini?"

"Hajafa," anasema Biolojia. "Anaomba chuo."

"Kwa umri huu?" anauliza Bi Kidawa, na sauti yake ni ileile ya msibani.

Hata hivyo ana moyo mzuri. Anaingiza bega kwenye pembe ya mbele iliyo tupu, kitanda kinatulia kidogo, nami napumua. Hapo hapo filimbi inalia.

"Toa bega, mama! Huyu habebwi kwa thawabu."

Aliyepiga filimbi ni kiunzi cha mifupa, kaketi kwenye kiti cha plastiki, miguu kaipandanisha. Sikujua amepiga filimbi kwa mdomo gani, na hapakuwa na nafasi ya kuuliza, maana mtaa umekwisha bila sisi kupinda kona yoyote na tuko chini ya ngazi za chuo. Bi Kidawa hayupo tena. Ngazi zinapanda hadi kwenye mlango mweupe, na jua limekwishagusa paa la maabara.

"Anayebebwa hasemi," anasema kiunzi. "Akigusa chini, amekosa. Jua likizama, mlango unafungwa. Na huyo anayekoroma, naye anaomba?"

"Huyo ni mume," anajibu Kemia.

"Waombaji wenye umri huwa wanakuja nao. Apite."

Tunaanza kupanda. Vijana waliotoka shuleni juzi wanatupita wakibebwa na masomo marefu yanayolingana vimo, wameketi wima, wengine wanachezea simu. Mimi nimeshikilia godoro kwa kucha. Kila Biolojia anapokanyaga ngazi ya juu zaidi, mbele kunainuka na nyuma kunazama, na mimi nateleza kuelekea kwa Fizikia. Naogopa, tena sana. Nina miaka thelathini na tisa. Nikianguka hapa sitarudi tena kujaribu, najijua.

Kisigino changu cha kushoto tayari kinaning'inia nje ya kitanda. Naiona ngazi inayokisubiri.

"Samahani, dada Stumai," anasema Fizikia huku anatetemeka. "Nimefika mwisho wa urefu wangu."

"Mwinue basi, wee!" anafoka Biolojia kutoka juu.

"Ndiyo namwinua hivi."

Jua limebaki nusu. Nauma shuka ili nisipige kelele, na nikiwa hivyo, kichwa juu na miguu bondeni, nauona upuuzi wetu. Mlimani wa mbele husimama pa juu na wa nyuma husimama pa chini. Sisi tumemweka mrefu pa juu na mfupi pa chini. Jambo lenyewe ni dogo mno, na nimefanya mtihani mara tatu bila kuliona.

Nimekatazwa kusema. Nasema.

"Fizikia atangulie! Warefu wakae nyuma!"

Hata Mshamu anaacha kukoroma. Kiunzi anainuka kitini, na mifupa yake inagongana ngazi baada ya ngazi akitufuata.

"Mimi B nikae nyuma ya E?" anauliza Biolojia.

"Wewe si ndiye mrefu," anasema Kemia. "Geuza."

Wanakigeuza kitanda palepale ngazini, na mimi na Mshamu juu yake, kichwa kikaja kulikokuwa na miguu. Fizikia anapanda mbele, ananyoosha mikono yake yote. Kitanda kinalala sawasawa. Machozi yananitoka, na hayatiririki upande wowote.

Kiunzi amefika. "Nani kamfundisha hilo?"

Biolojia anatazama pembeni. Kemia anakohoa.

"Mimi," anasema Fizikia. "Ila amechelewa kunielewa."

"Kuchelewa hakumo katika sheria. Kusema kumo." Kiunzi anageuza fuvu lake kutazama jua, limebaki ukingo tu. "Basi nakwenda kufunga mlango. Lakini sina misuli, nikifunga mlango huwa nachukua muda. Kimbieni."

Wakakimbia. Mara ya mwisho nilipotazama, Fizikia alikuwa anaingia mlangoni bila hata kuinama.

Nilipoamka kulikuwa kumekucha. Mshamu alikuwa ameketi kitandani, ameduwaa.

"Stumai, nani kahamisha dirisha?"

Dirisha letu, ambalo tangu tuoane linapuliza upepo kichwani, lilikuwa miguuni. Kitanda chetu ni cha mninga. Siku tulipokinunua kiliingizwa na wanaume wanne, wakapumzika njiani.

"Dirisha lipo palepale," nikamwambia. "Tuliogeuzwa ni sisi."

"Sasa unakwenda wapi, hata chai hujanywa?"

"Kutuma maombi ya chuo. Leo ndiyo mwisho."

Nikashusha miguu kutafuta kandambili zangu. Zilikuwa upande wa Mshamu, na zake zilikuwa upande wangu. Nikavaa za kwake, nikatoka mbio.