Breki ya Baba

Siku zote nilijiuliza kwa nini baba, akitaka kusimamisha gari, hukanyaga breki mara tatu, kama anayeponda mende asiyekufa. Sikuwahi kuthubutu kumuuliza.

Leo tulilipeleka gari kwenye ukaguzi, maana bila cheti hatukatiwi bima. Baba alikuwa dirishani kwa karani wakati mkaguzi aliponiita.

"Binti, keti kwa dereva ukanyage breki, niangalie taa za nyuma."

Nikakanyaga mara moja. Pedali ikashuka mpaka sakafuni, laini, kana kwamba nimekanyaga unga. Kumbe ndiyo maana.

"Taa zinawaka," mkaguzi akasema. "Na breki yenyewe inashika?"

Baba alikuwa amesharudi. Akanikonyeza. Nikawafikiria wadogo zangu, anaowapeleka shule kwa gari hilihili.

"Inashika ukikanyaga mara ya tatu," nikasema, nikiangalia magoti yangu.

Mkaguzi akamgeukia baba. "Mzee, mtoto akikatiza barabara, utamwomba asubiri?"

Baba akakuna kichwa, kisha akaninyooshea mkono.

"Lete funguo, mama. Gari linakwenda kwa fundi. Wadogo zako kawaambie wewe kwamba kesho wanatembea."