Dada Alivyofundisha Mvuto

Dada yangu alifundisha historia miaka thelathini na mmoja, na sijawahi kusikia kwamba kuna mwanafunzi aliyesinzia darasani kwake. Alipostaafu alikaa nyumbani wiki mbili tu. Ya tatu akaja saluni kwangu na kitabu kwapani, akaketi kwenye kiti cha pembeni karibu na mashine za kukaushia nywele.

"Mdogo wangu, nimekuja kusoma," akasema. "Nyumbani kuna kimya mno."

Ningemkatalia vipi? Dada hakuwahi kuolewa, hakuwahi kupaka rangi ya mdomo, na mgongo wake ulinyooka kama rula ya ubaoni. Wateja walimwamkia kwa heshima, kisha wakaendelea na soga zao.

Siku moja soga ilikuwa ya wanaume. Nesi wa zahanati ya jirani, ambaye nilikuwa namsuka, alilalamika kwamba mchumba wake siku hizi hata hamtazami. Mwenzake aliyekuwa anasubiri zamu akamshauri anunue kope za bandia na manukato makali. Ndipo akadakia Chiriku, mwanamke muuza viatu wa duka la pembeni. Tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Ungekuwa na sura ya Kleopatra usingelalamika," alisema.

Dada akafunga kitabu. "Wewe unaijua sura ya Kleopatra?"

"Si alikuwa mzuri kupita wote, Mwalimu?"

"Sarafu za enzi zake zipo mpaka leo. Pua imepinda, kidevu kimechomoza. Walioandika habari zake zamani wanasema wazuri kama yeye walikuwepo. Kilichowanasa watu ni sauti yake na mazungumzo yake. Alijua lugha nyingi. Mgeni akitoka mbali, anajibiwa kwa lugha ya kwao." Akamgeukia nesi. "Mchumba wako anafanya kazi gani?"

"Fundi wa kuchomelea vyuma."

"Anatengeneza nini wiki hii?"

"Sijamuuliza," nesi akakiri.

"Basi hata lugha yake huijui," Dada akasema, akafungua tena kitabu.

Nilizima mashine za kukaushia ili waliokuwa chini yake wasikie vizuri. Tulimlazimisha aendelee mpaka nikachelewa kufunga.

Jumatatu iliyofuata nesi alirudi na uso unaong'aa. Alimuuliza mchumba wake habari za kazi, na jamaa akaongea saa mbili nzima juu ya geti lenye ndege wa chuma, kisha akamshika mkono akampeleka kuliona. Nesi alikuja na marafiki wanne. Jumatatu ni siku ambayo saluni hulala usingizi, kwa hiyo nikaandika kwenye boksi: MAFUNZO YA MVUTO, KILA JUMATATU SAA TISA, nikachora na midomo miwili myekundu. Dada akaifuta ile midomo kwa kitambaa chenye spiriti, lakini maandishi akayaacha.

Darasa likajaa. Aliwaeleza habari za Malkia wa Sheba, aliyesafiri mbali kumjaribu mfalme kwa maswali magumu. Aliwaeleza habari za Theodora, binti wa mtunza dubu, aliyefika kuwa malkia. Ghasia zilipozuka na wanaume wa ikulu wakataka kukimbia, yeye alikataa kukimbia. "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," Dada aliwaambia. "Mkakasi wenu mmeshaupaka rangi ya kutosha. Sasa tuangalie ndani kuna nini."

Nami nilisimama nyuma na kitana mkononi nikijiona mrefu kwa fahari.

Kisha Jumatatu moja Chiriku akainua mkono. "Mwalimu, nadharia tumeshiba. Vitendo je? Wewe mwenyewe umeshamnasa hata mmoja?"

Nilitamani kumrushia chupa ya shampuu. Dada hakukasirika. Aliinua kidevu, akasema, "Chagua."

Chiriku akanyoosha kidole dirishani. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha Fundi Saa, mgane aliyefiwa na mkewe miaka saba iliyopita, mtu wa neno moja. Ukimpelekea saa anasema, "Kesho." Ukiifuata anasema, "Imepona." Wanawake kadhaa wa mtaani waliwahi kumpelekea saa zao na tabasamu zao. Wote waliondoka na lile "Kesho."

Jioni ile nilimkuta Dada nyumbani ameshusha saa ya ukutani ya marehemu baba, anachomeka kijiti cha kiberiti kwenye meno ya magurudumu yake.

"Dada!"

"Malkia wa Sheba hakwenda mikono mitupu," akanijibu.

Kesho yake mimi na wanafunzi tulijibandika kwenye kioo cha dirisha kama mijusi. Dada hakulegeza shingo, hakurembua macho. Aliweka saa mezani, akauliza jambo moja tu. Baadaye aliniambia aliuliza, "Fundi, kwa nini saa nyingi za namba za Kirumi huandika nne kwa vijiti vinne, wakati vitabuni tunaiandika kwa njia nyingine?"

Fundi akatoa jichoni kioo chake cha kukuzia. "Niko hapa mwaka wa ishirini na sita," alisema, "na hakuna aliyewahi kuniuliza hilo." Akamvutia kiti. Aliongea mpaka taa za mtaani zikawaka, na wakati fulani akacheka mpaka tukayaona meno yake. Wanafunzi wakapiga vigelegele, nesi akanikumbatia.

Saa ya baba ikakawia kupona. Wiki ya kwanza "kesho", ya pili "kesho", na Dada anavuka barabara kila alasiri. Taratibu akaacha kutuletea taarifa. Chiriku alipomdadisi alijibiwa, "Somo hilo limefungwa." Nami niliona kitu ambacho sikukisema: alikuwa anakwenda bila kitabu.

Lakini mdomo wa Chiriku haukukubali kufungwa. Alimsimulia muuza mboga, muuza mboga akawasimulia wenye pikipiki, na kufikia Alhamisi mtaa mzima ulijua kwamba Fundi alichaguliwa kuwa mtihani wa Mwalimu. Vijana walipita kibandani wakiuliza, "Vipi Fundi, Mwalimu kafaulu mtihani?"

Alasiri ile Dada alivuka, akakabidhiwa saa iliyofungwa kwenye gazeti. "Imepona." Kiti hakikuvutwa.

Nilimfuata chumba cha nyuma. Alikuwa amekaa juu ya rundo la mataulo, saa mapajani.

"Amekwambia nini?"

"Kijiti alikiona siku ya kwanza, akakitoa mara moja. Ameniambia, 'Nilijua saa ni nzima, Mwalimu. Sikujua kama tuna watazamaji.'"

Sijawahi kuiona sura ile ya dada yangu, hata siku tuliyomzika baba. Nikamwambia niende mimi nikamweleze Fundi kwamba ilikuwa mizaha ya wanawake tu.

"Aibu ni yangu," alisema. "Sitamtuma mtu."

Akasimama, akanyoosha sketi, akatoka. Barabara ilikuwa imejaa watu. Hakuingia kibandani. Alisimama nje, mahali pa kuonekana na kila mtu, akatoa sauti yake ya darasani, ile inayofika dawati la mwisho.

"Fundi! Umechekwa hadharani, kwa hiyo nakuomba radhi hadharani. Siku ya kwanza nilivuka barabara hii kutafuta sifa kwa wanafunzi wangu. Siku ya pili nilivuka kwa sababu hukunimalizia ulichoanza kunieleza. Siku zilizobaki nilivuka kwa sababu upande ule wa saluni ulinishinda kukaa. Ukitaka nirudi, sema. Usipotaka, nitakwenda zangu."

Wenye pikipiki walizima injini. Chiriku, mlangoni pa duka la viatu, alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Fundi alitoka taratibu, akafuta vidole kwa kitambaa. "Nami nina swali gumu," akasema.

"Uliza."

"Hao wanawake wakuu unaowafundisha. Yupo aliyewahi kuomba radhi mbele za watu?"

Dada akafikiri kweli, kama anavyofikiri akiulizwa na mwanafunzi mwerevu. "Sijui. Vitabu nilivyosoma mimi havijaandika."

"Basi umewapita," alisema Fundi. "Ingia ndani, jua kali."

"Ng'ombe hazeeki maini!" mzee mmoja akapiga kelele kutoka kwa kinyozi, na mtaa ukalipuka kwa kicheko. Safari hii Fundi alikuwa anacheka nao.

Chiriku alikuja kuomba msamaha akilia. Dada akamsamehe, ila akampa adhabu: kukaa Jumatatu moja nzima bila kusema neno. Alitoka jasho, lakini aliweza.

Walioana miezi mitano baadaye, kwenye ofisi ya msajili, mashahidi wakiwa mimi na nesi. Dada aliniruhusu nimsuke, rangi ya mdomo akaikataa. Karani alipowauliza kama wanakubaliana, Fundi alisema, "Ndiyo, leo," badala ya "kesho," na hata karani akacheka.

Tulirudi kwa miguu. Wao walitangulia, wameshikana mikono, wakibishana juu ya jambo fulani la kalenda za kale. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba mkoba wake, na kila mtu aliyegeuka kuwatazama, nilimwambia bila kuulizwa: "Yule ni dada yangu. Baba mmoja, mama mmoja."